Malipo ya M-Pesa yanapokwama kwenye tovuti: dalili, sababu zake na namna ya kuzitatua

Mwongozo huu unawahusu wasanidi wa tovuti zinazouza bidhaa nchini Kenya na kupokea malipo kupitia Daraja, yaani lango la API (viunganishi ambavyo programu huwasiliana kwavyo) za M-Pesa la Safaricom, kwa ile njia ambayo mnunuzi hubonyeza "Lipa" kwenye tovuti, kisha kidirisha cha kuweka PIN kikatokea kwenye simu yake. Wengi huiita njia hiyo STK push, na ndivyo itakavyoitwa hapa. Dalili zimepangwa kwa kufuata safari ya ombi lenyewe, kuanzia tokeni (kibali cha muda cha kutumia API) hadi ulinganishaji wa hesabu. Anayeunganisha M-Pesa ya Vodacom Tanzania asinakili misimbo ya makosa iliyomo humu, kwa kuwa API ya huko ni nyingine na majibu yake huandikwa kwa mtindo tofauti, kama vile INS-0 kwa ombi lililofanikiwa.

Kabla ya kugusa msimbo wowote, jambo moja linapaswa kueleweka vizuri. Kila ombi la STK push hupata majibu mawili. La kwanza hurudi papo hapo likiwa na ResponseCode na CheckoutRequestID, na hata ResponseCode ikiwa 0, maana yake ni kwamba ombi limepokewa, basi. La pili huletwa baadaye kwenye anwani uliyoitaja katika CallBackURL likiwa na ResultCode, na hilo ndilo linalosema iwapo fedha zimelipwa. Sehemu kubwa ya matatizo yanayoripotiwa hutokana na kuyachanganya majibu haya mawili. Kwa hiyo hakikisha kwamba hifadhidata yako ina safu ya kila ombi, pamoja na CheckoutRequestID yake, nambari ya oda, kiasi na hali ya malipo, na kwamba seva inaandika kwenye logi ombi zima na majibu yote mawili, huku siri zikiwa zimefichwa. Bila kumbukumbu hizo, yote yanayofuata hapa ni kubahatisha.

Dalili ya kwanza: ombi linakataliwa kabla simu haijapata chochote

Soma errorCode na errorMessage zilizorudi. Usitosheke na ujumbe wa jumla ambao programu yako inamwonyesha mnunuzi.

Ukipata 404.001.03, tokeni haikubaliki. Sababu inayotokea mara nyingi zaidi ni kwamba muda wake umekwisha: tokeni hudumu sekunde 3599, ilhali programu nyingi huihifadhi kwa saa nzima au zaidi. Ihifadhi kwa muda mfupi kidogo, kwa mfano dakika 50, kisha uombe nyingine. Sababu ya pili ni tokeni iliyotolewa na sandbox.safaricom.co.ke (mazingira ya majaribio) kutumwa kwa api.safaricom.co.ke (mazingira halisi), au kinyume chake. Ya tatu ni kichwa cha Authorization kukosa neno Bearer na nafasi moja baada yake. Jaribu kuomba tokeni kwa curl (programu ya kutuma maombi ya wavuti kwa mstari wa amri) ukitumia funguo zilezile, yaani consumer key na consumer secret: ikipatikana, kosa limo katika programu yako, isipopatikana, angalia kama funguo zilinakiliwa pamoja na nafasi au mstari mpya mwishoni, kosa dogo ambalo halionekani kwa macho kwenye faili la mipangilio.

Ukipata 400.002.02, sehemu mojawapo ya ombi ina kasoro, na ujumbe wenyewe hutaja ni ipi. Mara nyingi ni nambari ya simu, ambayo lazima iwe na tarakimu 12 zinazoanza na 254, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo. Inayofuata ni kiasi, ambacho lazima kiwe shilingi kamili. Tovuti inayokokotoa punguzo la asilimia na kutuma 1349.50 itakataliwa, na ni afadhali ukaamua mapema kama utaongeza hadi shilingi nzima au utapunguza, kisha ukamwonyesha mnunuzi kiasi hichohicho kabla hajabonyeza. Mwisho ni CallBackURL iliyoandikwa kwa localhost, yaani kompyuta yako mwenyewe, au yenye hitilafu ya tahajia.

Msimbo wa 500.001.1001 wenye maneno "Wrong credentials" unahusu sehemu ya Password, nayo inahitaji subira kidogo. Password hupatikana kwa kuunganisha nambari ya biashara, passkey (neno la siri ambalo Safaricom huipa biashara) na Timestamp, kisha kuvigeuza vyote kwa pamoja kuwa Base64 (mtindo wa kuandika data kwa herufi na tarakimu). Timestamp ni tarakimu 14, mwaka ukitangulia na sekunde zikiishia, na lazima ileile iliyotumika kutengeneza Password ndiyo iandikwe katika sehemu ya Timestamp. Hapa ndipo hitilafu ya kuudhi hujificha: msanidi huita kitendakazi cha wakati mara mbili, mara moja ndani ya Password na mara nyingine katika ombi. Ombi hupita kila mara isipokuwa pale sekunde inapobadilika katikati ya miito hiyo miwili, na kosa hutokea siku moja, likapotea, likarudi, bila mtu yeyote kuweza kulirudia kwa makusudi. Ikokotoe mara moja, iweke kwenye kigeu, kisha ukitumie kigeu hicho pande zote mbili. Kama kosa hutokea kila mara, basi passkey si ya nambari hiyo ya biashara.

Maneno yakiwa "Merchant does not exist", kwanza angalia aina ya nambari. Kwa Paybill, BusinessShortCode na PartyB huwa nambari moja, na TransactionType huwa CustomerPayBillOnline. Kwa Till, BusinessShortCode hubeba nambari ya duka, PartyB hubeba nambari ya Till ambayo wateja wanaijua, na TransactionType huwa CustomerBuyGoodsOnline. Wenye Till hukwama hapa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu nambari ya duka haiandikwi kwenye kibao cha dukani. Mwenye biashara huipata kwenye tovuti ya usimamizi wa M-Pesa au katika nyaraka za usajili.

Simama hapa: ikiwa nambari zote ni sahihi na kosa linaendelea katika mazingira halisi, hakuna mabadiliko ya msimbo yatakayosaidia. Andikia kitengo cha huduma za API cha Safaricom ukitaja nambari ya biashara, saa ya ombi na msimbo wa kosa. Usiambatishe funguo wala passkey, hata ukiombwa na mtu anayejitambulisha kuwa mhudumu.

Dalili ya pili: ombi limepokewa, lakini mnunuzi anasema hakuona kitu au malipo yamekataa

Anza kwa kutafuta ResultCode ya ombi hilo kwenye logi. Ikiwa 1037, mfumo haukuweza kumfikia mnunuzi au hakujibu kwa wakati. Simu ilikuwa imezimwa, haikuwa na mtandao, kidirisha kilitokea akiwa ameiweka mfukoni, au laini ni ya zamani na inahitaji kusasishwa. Ikiwa 1032, mnunuzi mwenyewe alighairi. Ikiwa 1, salio halikutosha. Ikiwa 2001, mara nyingi PIN haikuwa sahihi. Ikiwa 1001, laini hiyo ina muamala mwingine ambao haujakamilika, na kwa kawaida ni kwa sababu mnunuzi alibonyeza "Lipa" mara ya pili kabla kidirisha cha kwanza hakijafungwa. Asubiri dakika chache kabla ya kujaribu tena.

Misimbo hii isifikishwe kwa mnunuzi kama ilivyo. Mtu anayeona "Kosa 1037" kwenye tovuti hufikiri kwamba ameibiwa. Mwandikie: "Hatukupata jibu kutoka kwenye simu yako. Hakikisha simu imewashwa na ina mtandao, kisha ujaribu tena. Hakuna pesa iliyokatwa." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo itakayokupunguzia simu za malalamiko, ila iandikwe tu pale ambapo ResultCode imekwisha kufika na si 0.

Kama hakuna ResultCode yoyote, angalia nambari iliyotumwa. Wanunuzi huandika 0712 na kuendelea, +254 712, 254712, au 712 peke yake, wakiweka nafasi na vistari wanavyopenda. Ondoa kila kisicho tarakimu, kisha ugeuze mwanzo kuwa 254. Wasanidi wengi wana kichujio kinachokubali tu nambari zinazoanza na 2547, hivyo laini mpya za 0110 na nyinginezo za 01 hukataliwa kimyakimya na tovuti yenyewe bila ombi kufika Daraja. Kumbuka pia kwamba mtu anaweza kuhama mtandao na nambari yake, kwa hiyo tarakimu za mwanzo hazithibitishi kwamba laini ina M-Pesa. Zaidi ya yote, mwonyeshe mnunuzi nambari iliyosafishwa kabla ya kutuma, maana tarakimu moja ikikosewa, kidirisha chenye jina la duka lako kitatokea kwenye simu ya mtu asiyekujua.

Oda kubwa zina sababu yao. Kikomo cha muamala mmoja wa M-Pesa ni shilingi 250,000, na tovuti inayouza jenereta au samani inapaswa kumweleza mnunuzi mapema kwamba juu ya hapo alipe kwa benki au kwa awamu.

Dalili ya tatu: fedha zimekatwa, mnunuzi ana ujumbe wa M-Pesa, lakini oda bado inasubiri

Hili ndilo lalamiko zito kuliko yote, na ndilo linalostahili muda wako mwingi. Kabla ya kulichunguza, mjulishe mnunuzi kwamba malipo yake yanafuatiliwa na asilipe tena. Usimrudishie pesa kutoka kwenye simu yako binafsi ili kumtuliza. Muamala wa namna hiyo hauunganishwi na ule wa kwanza, na hesabu zako zitakuwa na mashimo mawili badala ya moja.

Sababu ya kwanza kwa wingi ni kwamba taarifa ya malipo haikuifikia seva. Anwani ya CallBackURL lazima ifikike kutoka nje, na katika mazingira halisi lazima iwe ya https yenye cheti halali. Anwani za muda za ngrok (huduma inayoifanya kompyuta yako ifikike kutoka nje) zinafaa kwa majaribio ya mezani tu. Jambo lisilotarajiwa na wengi ni kwamba njia ya anwani yenyewe haifai kuwa na maneno kama mpesa, safaricom au query, kwa hiyo /api/mpesa/callback, ambayo kila mtu huiandika bila kufikiri, ibadilishwe iwe kitu kama /malipo/taarifa.

Ya pili ni kwamba taarifa ilifika mlangoni ikafukuzwa na programu yako mwenyewe. Laravel hurudisha 419 na Django hurudisha 403 kwa ombi la POST lisilo na tokeni ya kuzuia maombi ya kughushi, na Daraja haina tokeni hiyo. Iondolee njia hiyo moja ukaguzi huo, wala usiuzime kwa tovuti nzima. Vilevile, njia iliyowekwa nyuma ya ukaguzi wa kuingia itaelekeza taarifa kwenye ukurasa wa nenosiri, na katika Django anwani iliyosajiliwa bila mkwaju wa mwisho inaweza kuelekezwa upya na mwili wa ombi ukapotea njiani. Kipimo chake ni rahisi: ukiwa kwenye mtandao mwingine usio wa ofisi, tuma POST ya curl yenye JSON (muundo wa data ambao taarifa huja nao) ya mfano kwenye anwani hiyo. Jibu likiwa chochote kisicho 200, umempata mkosaji.

Ya tatu ni kingamoto, au huduma ya kuzuia roboti iliyowekwa mbele ya seva, ambayo humtaka mgeni athibitishe kwamba ni binadamu. Curl yako inaweza kupita ilhali taarifa za Daraja zinazuiwa, kwa hiyo tazama logi za huduma hiyo pia, si za programu pekee.

Ya nne ni msimbo unaoanguka wakati wa kusoma taarifa. Itazame taarifa yenyewe kwa karibu. Ndani ya Body kuna stkCallback, na ndani yake, malipo yakifanikiwa, kuna CallbackMetadata yenye orodha iitwayo Item. Kila kipengele cha orodha hiyo kina Name na Value: Amount, MpesaReceiptNumber, TransactionDate, PhoneNumber. Wanaosoma kwa nafasi, yaani kipengele cha pili ni risiti na cha tatu ni tarehe, hukwama pale kipengele cha Balance kinapojitokeza katikati, tena bila Value yoyote. Tafuta kwa Name daima. Na malipo yasipofanikiwa, CallbackMetadata haipo kabisa, hivyo msimbo unaoisoma kabla ya kuangalia ResultCode huanguka kwa kila mnunuzi aliyeghairi. Angalia pia aina ya data: katika taarifa, ResultCode ni namba 0, ilhali katika jibu la kuulizia hali ya muamala ni herufi "0". Ulinganisho mkali wa JavaScript au PHP utaviona kuwa vitu viwili tofauti.

Ya tano hutokea kwa nadra, kwenye seva zilizolemewa: taarifa huwasili kabla programu haijamaliza kuhifadhi CheckoutRequestID, ikakosa oda ya kuunganishwa nayo. Hifadhi taarifa ghafi kwanza, hata ikiwa huijui ni ya nani, kisha uichakate. Kwa ujumla, njia hiyo ya taarifa ifanye kazi mbili tu, yaani kuhifadhi na kurudisha 200 haraka; barua pepe, ankara ya PDF na kupunguza bidhaa ghalani viachiwe foleni ya nyuma.

Hata ukirekebisha yote hayo, taarifa chache zitapotea, kwa sababu mtandao ni mtandao. Weka kazi ya ratiba inayopitia oda zilizosubiri zaidi ya dakika mbili hivi na kuulizia kila moja kwa /mpesa/stkpushquery/v1/query. Jibu hilo litakupa ResultCode, lakini halitakupa nambari ya risiti. Hiyo itafutwe kwenye tovuti ya usimamizi wa M-Pesa au kwenye ujumbe wa mnunuzi, ikiwa imelinganishwa na taarifa ya hesabu. Ujumbe wa mnunuzi peke yake, au picha yake, si uthibitisho. Picha hutengenezwa.

Dalili ya nne: oda inaonyesha imelipwa, lakini fedha hazipo

Sababu ya kawaida ni ileile ya mwanzo: programu iliona ResponseCode 0 ikaidhinisha oda. Inayofuata ni programu inayochukulia kila taarifa iliyofika kuwa ya mafanikio bila kusoma ResultCode.

Ya tatu ni nadra, lakini ni ya hatari. Taarifa za STK push haziji na saini ya kidijitali, hivyo yeyote anayeijua anwani yako anaweza kutunga JSON yake na kujipa oda bure. Iwekee anwani kipande kirefu cha nasibu kisichokisika, ruhusu IP za Safaricom pekee, kataa CheckoutRequestID usiyoijua, linganisha Amount na kiasi ulichokihifadhi mwenyewe kwenye seva, kisha kabla ya kutoa bidhaa ya thamani kubwa, ulizia hali ya muamala. Kiasi cha kulipwa kisitoke kamwe kwenye kivinjari. Mnunuzi mjanja hubadilisha 12000 kuwa 12 katika sekunde chache.

Simama hapa ukiona taarifa zenye risiti zisizopatikana kwenye hesabu ya M-Pesa. Sitisha utoaji wa bidhaa, usifute logi yoyote, na umwite mtaalamu wa usalama wa mifumo pamoja na mwenye biashara.

Dalili ya tano: mnunuzi amelipa mara mbili

Kitufe kilichobaki hai baada ya kubonyezwa ndicho kisababishi kikuu, kikifuatiwa na foleni ya kazi inayorudia ombi lenyewe pale jibu linapochelewa. Zima kitufe, na uiambie foleni isirudie STK push kwa hali yoyote. Kinachoruhusiwa kurudiwa ni kuulizia hali. Weka pia sharti la upekee kwenye safu ya nambari ya risiti, ili taarifa moja ikija mara mbili isihesabiwe kuwa malipo mawili, kwani wakati mwingine fedha zilikatwa mara moja tu na kosa limo katika hifadhidata yako.

Ikithibitika kwamba zilikatwa mara mbili, urejeshaji ufanywe na mtu mwenye mamlaka juu ya hesabu ya biashara, kupitia tovuti ya usimamizi. API ya kurejesha muamala ipo, lakini inahitaji jina la mwanzishaji na kitambulisho kilichosimbwa, na msanidi hapaswi kuijaribia kwenye fedha za watu.

Dalili ya sita: majaribio yalipita, mazingira halisi yamekataa

Tafuta 174379 kwenye msimbo wote. Hiyo ni nambari ya biashara ya majaribio, na hubaki mahali pamoja palipofichika, mara nyingi kwenye PartyB. Kisha hakikisha kwamba funguo, passkey na anwani ya msingi vyote vitatu ni vya mazingira halisi.

Dalili ya saba: hesabu za siku hazilingani

TransactionDate huja kama tarakimu 14 kwa saa za Afrika Mashariki. Seva inayotumia UTC (saa ya kimataifa) iko nyuma kwa saa tatu, hivyo mauzo ya kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku huangukia siku iliyopita katika ripoti zake. AccountReference nayo ina nafasi ya herufi 12 tu. Nambari ndefu ya oda haiingii yote, na mhasibu hushindwa kuioanisha na taarifa ya M-Pesa.

Tofauti ikibaki baada ya hayo, huenda kuna wateja wanaolipa moja kwa moja kwa Paybill kutoka kwenye menyu ya simu. Malipo hayo hayapiti kwenye CallBackURL ya STK push. Yanahitaji anwani zilizosajiliwa za C2B (malipo ya mteja kwa biashara), na nambari za simu ndani ya taarifa zake huja zimefichwa, kwa hiyo usitegemee simu kumtambua mlipaji. Tegemea nambari ya akaunti aliyoiandika.

Funguo zilizovuja

Consumer secret au passkey ikiingia kwenye hazina ya msimbo iliyo wazi, kuifuta kwenye faili hakutoshi, kwa kuwa historia ya Git bado inayo. Vivyo hivyo kwa funguo zilizoandikwa ndani ya JavaScript ya kivinjari, ambazo kila mgeni wa tovuti anaweza kuzisoma. Maombi yote kwa Daraja yatoke kwenye seva. Hapa usianze kwa kurekebisha msimbo. Mwarifu mwenye hesabu mara moja, omba funguo mpya kupitia Daraja, hakikisha za zamani hazifanyi kazi tena, kisha mpitie pamoja orodha ya miamala tangu tarehe ambayo faili hilo lilichapishwa.